Mwenye mgonjwa wa mitokondria: orodha ya dawa ya mtandaoni nusura inipokonye mwanangu (uzi mrefu, naomba tuujadili)

#1 Mama_wa_Makorora

Habari zenu wana jamvi. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana kwa sababu kila nikianza kuandika nalia. Leo naandika, kwa kuwa juzi mama mmoja kanitumia kwenye WhatsApp orodha ileile iliyotaka kuniponza mimi.

Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Tulizunguka naye miaka mitatu: kichwa, kutapika, kuchoka hata akipanda ngazi za darasani, halafu degedege bila homa, na asubuhi moja akaamka haoni upande wa kushoto. Tuliambiwa malaria sugu. Tukaambiwa minyoo. Tukaambiwa na mengine ambayo hapa siyaandiki. Mpaka daktari mmoja wa watoto akaacha kumtazama mtoto, akanigeukia mimi: "Mama yako anasikia vizuri?"

Mama yangu ana sukari tangu akiwa na miaka arobaini na kitu, na ukitaka akusikie lazima ukae upande wa kulia upaze sauti. Hakuna mtu aliyewahi kuunganisha vitu hivyo viwili. Damu ya mtoto ikapelekwa nje ya nchi, tukangoja wiki tisa, jibu likarudi: kwenye DNA ya mitokondria, nafasi ya 3243, herufi A imekuwa G. Ugonjwa wake unaitwa MELAS. Bibi anayo herufi hiyo, mimi ninayo, mtoto anayo. Tofauti ni kiasi tu.

Kwa asiyejua: mitokondria ni majiko yaliyo ndani ya karibu kila chembe ya mwili. Chakula ndiyo mkaa, oksijeni ndiyo hewa, na moto wake ndio nguvu ya misuli, ubongo, moyo, macho na masikio. Jiko likiwa bovu, mwili unawasha kwa njia ya mkato na moshi unajaa ndani. Moshi huo ni asidi ya laktiki. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, fupi sana, herufi 16,569 na jeni 37, na sote tunaipata kwa mama. Lakini si magonjwa yote ya mitokondria yanatoka kwa mama. Mengine yanatokana na jeni za kawaida za baba na mama, kwa mfano jeni ya POLG, ambayo nitairudia.

Sasa dawa. Nilipopata jibu nilifanya kama mzazi yeyote, nikaingia mtandaoni. Nikakuta orodha ya "dawa hatari kwa mitokondria", zaidi ya 60. Panadoli imo. Dawa za ganzi zimo. Karibu kila antibayotiki imo. Nikaiprinti stationari, nikaibandika kwenye friji kwa utepe.

Mwezi wa nne akapata homa. Kipimo cha duka la dawa kilionyesha mistari miwili, yaani malaria. Homa 39.4. Mama mkwe alikuwa ameloweka khanga anamkanda kifuani, ananiambia "mpe panadoli mtoto", na mimi nimesimama mbele ya friji nasoma karatasi. Sikumpa panadoli. Mseto nikausogeza hadi asubuhi "nimuulize daktari kwanza". Usiku mzima hakula, alikuwa anatapika. Alfajiri alikuwa anapumua haraka kama mtu aliyekimbia, ukimwita haitikii. Alilala chumba cha wagonjwa mahututi siku sita.

Daktari wetu alipoiona ile karatasi (niliibeba, nikidhani inamsaidia) aliisoma yote, akaikunja, akasema: "Mama, homa na njaa ndivyo vilivyomuangusha. Panadoli kwa dozi yake ingemsaidia."

Hicho ndicho kilichonileta. Kwa mgonjwa wa mitokondria kuna dawa chache ambazo kweli ni hatari, na hizo mzazi azijue kama anavyojua jina la mtoto wake. Lakini homa isiyoshushwa, maambukizi yasiyotibiwa na mtoto kukaa bila kula vinaweza kuua upesi zaidi. Mwaka 2020 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilipitia dawa moja baada ya nyingine, na walichoona ni kwamba nyingi kati ya zile tulizotishwa nazo hazina ushahidi wa kutosha wa kuzipiga marufuku kwa kila mgonjwa. Nyingi ya orodha zile zilitokana na majaribio ya chembe kwenye maabara, ambako dawa humwagwa kwa viwango ambavyo mwili hauvifikii. Swali la kuuliza ni jeni gani, dawa gani, dozi gani, kwa muda gani.

Zile za kweli nitazitaja kwenye posti inayofuata, naenda kumpa chakula kwanza.

#2 Mama_wa_Makorora

Nimerudi.

Ya kwanza, na kama utasahau zote usisahau hii: sodiamu valproeti, dawa ya kifafa. Kwa mwenye hitilafu kwenye POLG inaweza kuua ini. Kuna ugonjwa unaitwa Alpers: mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri anaanza degedege zisizoshikika, anasahau alichokuwa anakijua, na ini linadhoofika. Mtoto huyo akipewa valproeti, ini linaweza kuzima moja kwa moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeweka kwenye lebo yake onyo la daraja la juu kabisa kuhusu POLG. Ugumu wake ni kwamba degedege mara nyingi huja kwanza, jibu la jeni likaja baadaye. Kwa hiyo kama mtoto ana kifafa kigumu, anarudi nyuma kimakuzi, na hakuna aliyejua sababu, muulize daktari kabla valproeti haijaandikwa: "Je, tumefikiria mitokondria?" Mwanangu hana hitilafu ya POLG, lakini hata kwake daktari aliiweka pembeni, anatumia levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa.

NAOMBA MTU ASIACHE DAWA YA KIFAFA LEO KWA SABABU YA UZI HUU. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Rudi kwa daktari akubadilishie taratibu.

Ya pili ni sindano za jamii ya jentamaisini: jentamaisini yenyewe, amikasini, kanamaisini, streptomaisini. Hizi zinaua bakteria kwa kukamata mtambo wao wa kutengeneza protini. Mitokondria nazo zina mtambo unaofanana na wa bakteria, na mtu mwenye badiliko kwenye nafasi ya 1555 ya DNA ya mitokondria, A kuwa G, wa kwake unafanana zaidi. Anaweza kuwa kiziwi wa kudumu hata kwa dozi ya kawaida. Badiliko hilo lilijulikana mwaka 1993. Asiye na badiliko hilo hakatazwi, ila kama masikio tayari ni dhaifu, kama ya mwanangu, daktari atatafuta nyingine ikiwepo au atapima usikivu.

Ya tatu ni metfomini, nayo ilinigusa nyumbani kwangu. Vidonge vya mama vilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, akinywa asubuhi na jioni miaka tisa. Metfomini inabana kiasi hatua ya kwanza ya kazi ya mitokondria. Kwa watu wengi wenye sukari ni dawa nzuri sana, wala sitaki mtu aitupe. Lakini kwa sukari iliyotokana na 3243 yenyewe, ile inayokuja pamoja na uziwi, madaktari wengi huikwepa kwa kuogopa asidi ya laktiki. Mama alihamishiwa insulini baada ya mjukuu wake kupimwa.

#3 Mfamasia_mzee

Dada, pole sana, na asante. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka 27 na sijawahi kuona haya yameandikwa kwa Kiswahili.

Niongeze kitu ambacho wengi humu wamekiona kwa macho bila kujua ni mitokondria. Mnakumbuka vidonge vya kwanza vya ARV, vile vyenye stavudini? Watu walipona, wakarudi shambani, lakini baada ya miaka miwili mitatu mashavu yanaingia ndani, mikono na miguu inakuwa myembamba, nyayo zinawaka moto usiku mpaka mtu analala miguu kwenye beseni la maji. Nilikuwa na mteja, mvuvi, alikuwa hawezi kuvaa kandambili.

Ilikuwa mitokondria. Stavudini inazuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, na kimeng'enya hicho ndicho hichohicho kinachotengenezwa na jeni ya POLG aliyoitaja dada. Majiko yanapungua kidogo kidogo. Wengine walifariki kwa asidi ya laktiki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 stavudini iondolewe taratibu. Dawa za sasa, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hazilingani kabisa na zile kwa madhara hayo. Kwa hiyo mwenye VVU asisome hapa akaacha dawa.

Na kuna mwaka 1993, Marekani, dawa ya homa ya ini B iitwayo fialuridini ilijaribiwa kwa wagonjwa 15. Saba ini likafeli, watano wakafa, wawili walipona baada ya kupandikizwa ini. Majaribio ya wanyama hayakuwa yamewaonyesha hatari hiyo. Tangu hapo watu wa dawa wanaogopa mitokondria kwa haki.

#4 bintiBara

Mimi naomba kuuliza. Kaka yangu yuko kwenye dozi ya TB mwezi wa pili sasa, anasema herufi za simu zinafifia na rangi nyekundu anaiona kama kahawia. Hii inahusiana?

#5 Mfamasia_mzee

Binti, usingoje majibu mengine humu. Mwambie arudi kliniki ya TB LEO, aseme maneno hayohayo: herufi zinafifia, nyekundu imebadilika. Miezi miwili ya kwanza vidonge vile vina ethambutoli, na ethambutoli inaweza kudhuru mshipa wa jicho kwa mtu yeyote. Kwa mwenye ugonjwa wa Leber, ambao ni wa mitokondria na hupiga macho ya vijana wa kiume hasa, madaktari huiogopa zaidi. Asiache dozi yote kwa mkono wake. Wao wataamua kuiondoa hiyo moja na kumpima macho. Na muulize: kuna mjomba au kaka wa bibi upande wa mama aliyepofuka ujanani?

Kwa TB sugu kuna linezolidi pia, nayo inabana mtambo wa protini wa mitokondria. Ikitumika wiki nyingi inaweza kushusha damu, kuunguza miguu na kupandisha laktiki hata kwa mtu mzima wa afya. Ni dawa inayookoa maisha, ila mgonjwa wa mitokondria akipewa, apimwe mara kwa mara.

#6 bintiBara

Upande wa mama yupo mmoja, tulikuwa tunaambiwa alipigwa upofu kwa pombe za kienyeji. Naondoka nae saa hii.

#7 mtu_wa_Kigoma

Dada samahani, huku kwetu mtoto akisumbuliwa na homa bibi zake wanampa mwarobaini, haina kemikali. Si bora hiyo kuliko hizi dawa zote zinazotutisha?

#8 Mama_wa_Makorora

Mkuu, hata kwetu mwarobaini upo uani na mimi nimelelewa nao. Lakini hili nimelisoma mpaka nikashtuka. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa mafua na maradhi madogo. Ndani ya saa chache walitapika, wakalala usingizi mzito, wakapata degedege, ini likajaa mafuta. Panya walipopewa mafuta hayo, mitokondria za ini zilionekana zimeharibika. Yale yalikuwa mafuta ya mbegu, si majani ya kuoga, na mimi siwezi kukuambia majani yaliyochemshwa yana nini ndani. Ila kwa kuwa majiko ya mwanangu ni mabovu tangu tumboni, yeye hanywi mwarobaini. Na aspirini pia simpi, hiyo hata mtoto mzima wa afya asipewe kwa homa bila daktari.

#9 Nipo_Manchester

Salaam kutoka Uingereza. Nimefurahi kuona mmetaja 1555, kwa sababu huku nilipo ndiko kilikojaribiwa kipimo chake cha wodini. Mtoto njiti akilazwa, jentamaisini inatakiwa iingie ndani ya saa moja, sasa huwezi kungoja maabara siku tatu. Wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la mtoto, mashine ndogo inatoa jibu kwa dakika 26 hivi. Akikutwa na badiliko anapewa antibayotiki nyingine. Huku inakadiriwa takriban mtu 1 kati ya 500 analo. Mdogo wangu alijifungua wiki ya 31, nilimuona nesi anafanya kile kipimo nikafikiri anampangusa mate tu.

#10 Mama_wa_Makorora

Mungu awabariki waliokibuni. Huku kwetu ampisilini na jentamaisini ndiyo sindano ya kwanza ya kichanga mwenye maambukizi, na sitaki mzazi aikatae akisoma huu uzi. Kichanga mwenye maambukizi ya damu hana muda. Unachoweza kufanya wewe ni kusema mapema, hata ukiwa bado na mimba: "Kwetu upande wa mama kuna watu walipata uziwi baada ya sindano." Sentensi hiyo haigharimu kitu, na daktari akiisikia anaweza kuchagua nyingine tangu mwanzo.

#11 mtu_wa_Kigoma

Nimeelewa dada, nashukuru. Swali la mwisho. Mdogo wangu naye wamemwambia ni mitokondria, anatakiwa apasuliwe ngiri mwezi ujao. Nusu kaputi ataiweza?

#12 Mama_wa_Makorora

Ataiweza, mkuu, lakini mtu wa nusu kaputi ajue kabla, si asubuhi ya kupasuliwa. Wangu alitolewa tonsili. Hatari kubwa niliyoiona mimi ilikuwa njaa. Kwa utaratibu wa kawaida angeacha kula usiku, halafu unapangwa wa saba kwenye foleni ya tieta, unaingia saa tisa mchana ukiwa hujaonja kitu. Kwa mtoto huyu hizo ni saa za kujaza moshi. Nilimuomba daktari kwa maandishi awe wa kwanza, na dripu ya dekstrosi, yaani maji ya sukari, ianze mara tu anapoacha kula. Ile ya ringa laktati daktari wetu haitumii kwake, kwa sababu ina laktati ndani (ndugu wa ile asidi ya laktiki) na yeye ya kwake tayari iko juu. (Ila kuna aina moja, upungufu wa kimeng'enya cha piruveti dihidrojenesi, ambayo sukari nyingi humuongezea asidi. Ndiyo maana jina kamili la ugonjwa ni muhimu.) Propofoli ya kumlaza mara moja alipewa, hakupata shida. Kinachoogopwa ni kuidondosha siku nzima au zaidi pale chumba cha mahututi. Na dawa za kulegeza misuli wapunguze na wamuangalie anavyopumua akiamka, kwa sababu misuli yake ni dhaifu.

Chanjo pia mmeniuliza inbox: apewe zote. Homa ya chanjo inashushwa kwa panadoli, surua haina dawa ya kuiponya.

Wengi mmeomba karatasi ninayotembea nayo. Ile ya friji niliichoma. Hii niliandikiwa na daktari, nikailaminisha, iko kwenye begi lake la shule, nyingine kwenye pochi yangu, nyingine kwa mwalimu wa darasa. Jina nimelitoa, mengine ni kama yalivyo. Ya mtoto wako aandike daktari wako, kwa jeni yake:

"Mtoto huyu ana MELAS, m.3243A>G. Akiwa na homa au anatapika, ni dharura hata kama anaonekana mzima. Mpimeni sukari, laktati na malaria papo hapo. Msimwache bila chakula au dripu ya dekstrosi. Msimpe ringa laktati. Msimpe valproeti wala metfomini. Degedege: diazepamu, kisha levetirasetamu. Jentamaisini iwe chaguo la mwisho, lakini kama ni hiyo tu iliyopo na maisha yako hatarini, mpeni. Parasetamo na mseto anaruhusiwa, kwa dozi ya uzito wake. Akilalamika haoni, au upande mmoja umelegea, pigeni simu hii usiku au mchana. Mama yake yuko nje ya mlango, mwiteni ndani."